Nyumba Ngapi, Vichwa Vingapi? Historia Fupi ya Kompyuta Isiyojua Viini Vyake

Wapo watu wanaoamini kwamba kompyuta haikosei hesabu. Binadamu ndiye anayekosea: anasinzia, anapokea kitu kidogo, anaandika saba halafu anaisoma moja. Mashine, ati, haina njaa wala shemeji. Imani hiyo nataka kuichunguza leo kwa mfano mmoja ambao ni mdogo, ila una uzito wake. Kompyuta inaulizwa: una viini vingapi? Inajibu namba ambayo si yake. Haijaharibika, na wala haijaingiliwa na kirusi. Imejibu hivyo kwa sababu kuna aliyekaa katikati akaijibia. Na huyo wa katikati, ndugu msomaji, ana historia ndefu kuliko umri wa wengi wetu tunaoandika katika kurasa hizi.

Kwanza tuelewane maneno. Prosesa ndiyo inayofanya kazi ya kukokotoa ndani ya kompyuta. Imechomekwa kwenye kikalio chake ambacho mafundi wanakiita soketi. Zamani soketi moja ilibeba prosesa moja na prosesa hiyo ilikuwa na kiini kimoja, basi. Ukihesabu soketi umemaliza. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa prosesa iliyoitwa POWER4 yenye viini viwili katika kipande kimoja, na kufika 2005 viini viwili viwili vilikuwa vimeshuka hadi kwenye kompyuta za mezani. Katikati hapo, mwaka 2002, kampuni ya Intel ilileta ujanja mwingine kwenye prosesa zake: kiini kimoja kinashika kazi mbili kwa wakati mmoja na kujionyesha kama viwili. Kazi hizo zinaitwa nyuzi. Fikiria mama anayesonga ugali huku anageuza dagaa kwenye jiko la pili. Sufuria ni mbili, lakini mpishi ni mmoja. Sasa we mwulize mgeni aliyekaa sebuleni, anayesikia tu sauti za vyombo: huko jikoni wapishi wangapi?

Basi tuna soketi, tuna viini, tuna nyuzi. Ni hesabu tatu tofauti, na mtu akikuuliza "ngapi?" bila kusema ngapi za nini, kila jibu utakalompa linaweza kuwa kweli na linaweza kuwa uongo.

Turudi nyuma sasa, mwaka 1967. Kwetu ni mwaka wa Azimio la Arusha, na ni mwaka wa sensa ya kwanza baada ya Uhuru. Huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, kikundi cha wahandisi wa IBM kikiongozwa na Robert Creasy kilikuwa kimeanza kutumia programu waliyoiita CP-40. Kompyuta wakati ule ilikuwa ghali mno na ilijaza chumba. Watu wakipanga foleni kuingoja, siku inapita. Programu ya akina Creasy iliigawa mashine hiyo moja kwa namna ya ajabu: kila mtumiaji aliona kama amepewa kompyuta nzima ya peke yake, na kompyuta za namna hiyo ziliweza kufika 14 kwa mpigo. Leo tunaziita mashine pepe.

Hebu jumlisha. Kompyuta 14, kila moja inasema ina prosesa moja. Jumla prosesa 14. Chumbani ilikuwepo moja tu. Na hakuna aliyeibiwa, maana kila mmoja alipata zamu yake na kazi yake ikaisha. Ndiyo kusema hesabu isiyolingana na vyuma vilivyopo haikuingia baadaye kama ugonjwa. Mashine pepe ilizaliwa nayo.

Programu inayokaa katikati ya mashine pepe na chuma halisi Waingereza wanaiita kwa neno lenye maana ya msimamizi wa wasimamizi, kwa sababu mfumo endeshi wa kawaida tayari ulikuwa unaitwa msimamizi. Mimi nitaiita nyapara. Neno hili sisi watu wa Kigoma tumelirithi kutoka kwenye misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mnyapara ndiye aliyesimama kati ya mwenye msafara na wapagazi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 hawakuongea na kila mpagazi. Waliongea na wakubwa wa msafara. Habari za mzigo na za miguu iliyochoka ziliwafikia zikiwa zimepita mdomoni mwa mtu.

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana. Hapa Tanzania, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hazina ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, na juhudi za kuweka hesabu za Serikali humo zilikuwa zimevurugika vibaya, fedha zimekwenda na hesabu hazieleweki. Mlango ukafungwa, ukaja kulegezwa pole pole miaka ya baadaye. Mwaka huo huo, Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala ya kitaalamu ya kueleza nyapara wa kweli ni yupi. Waliweka masharti matatu. Programu ikiwa ndani ya mashine pepe iende vile vile kama ingekuwa juu ya chuma halisi. Nyapara awe na mamlaka kamili juu ya mali yote ya mashine. Na amri zilizo nyingi zipite moja kwa moja bila yeye kuziingilia, ili kazi isichelewe.

Lakini soma sharti la kwanza kwa makini. Walilitolea udhuru wa mambo mawili: muda, na kiasi cha mali kinachopatikana. Yaani mgeni anaweza kukuta ana kumbukumbu pungufu, au saa inakwenda kombo, na bado nyapara akahesabiwa mkweli. Tangu 1974, basi, wenye elimu hiyo walijua na waliandika kwamba "ngapi" ni swali ambalo nyapara haapi kulijibu sawasawa. Sisi tuliokuja baadaye hatukusoma maandishi madogo.

Kompyuta ndogo za mezani zilichelewa kupata manyapara, kwa kuwa prosesa zake hazikuundwa kwa ajili hiyo. Kampuni ya VMware iliyoanzishwa 1998 ilipata njia ya kuzunguka, ikatoa programu yake ya kwanza 1999. Intel wakaweka msaada ndani ya prosesa zenyewe mwaka 2005, AMD wakafuata 2006. Hapa ndipo panapotuhusu. Tangu Pentium ya 1993 prosesa hizi zina amri iitwayo CPUID. Programu ikitaka kujua "wewe ni nani, una viini vingapi?" hutumia amri hiyo na chuma hujibu chenyewe. Katika mashine pepe zinazotumia msaada ule wa Intel, mgeni akitoa amri ya CPUID anasimamishwa pale pale, na swali lake linapelekwa kwa nyapara. Nyapara ndiye anayeandika jibu. Mgeni analipokea akidhani limetoka kwenye chuma. Hana dirisha la kuchungulia.

Mtu atauliza, kwani nyapara anapata faida gani kutaja namba nyingine? Mara nyingi hapati kitu. Tatizo liko kwa anayeuliza na sababu ya kuuliza kwake. Hapo naomba tuiache kompyuta kidogo, twende kwenye kodi.

Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba, ikaanza kukusanywa 1898. Kwa nini nyumba? Kwa sababu nyumba haikimbilii porini ikimwona karani. Mtu anakimbia, anavuka ziwa kwa mtumbwi usiku, kesho yuko upande wa Kongo. Nyumba inabaki pale pale na paa lake. Hesabu ya nyumba ilikuwa nyepesi kwa anayehesabu. Lakini watu nao wana akili. Kama kinacholipiwa ni paa, basi tubanane chini ya paa moja. Walikobanana, daftari likaonyesha nyumba chache na kijiji kikaonekana kidogo, wakati watu ni wale wale. Mwaka 1905 Wajerumani wakaingiza kodi ya kichwa, wakawa wanahesabu wanaume wazima. Huku Kigoma Wabelgiji waliingia 1916 wakakaa hadi 1921, kisha Waingereza wakapokea, na sheria yao ya 1922 ikabeba yote mawili katika jina lake: kodi ya nyumba na ya kichwa. Mwenye wake watatu katika nyumba tatu alihesabiwa namna yake, na kijana asiye na nyumba alihesabiwa namna yake. Aliyeamua kitu gani kiitwe "kimoja" alikuwa mkusanya kodi.

Sasa rudi kwenye kompyuta uone kitu kile kile kikitembea kwa suti. Wauza programu kwa miaka mingi walitoza kwa soketi. Hiyo ni kodi ya nyumba. Windows XP ya nyumbani iliruhusiwa kutumia soketi moja, ile ya kazini soketi mbili, na desturi hiyo ikaendelea katika matoleo yaliyofuata. Viini ndani ya soketi havikuwa hoja. Watengeneza prosesa wakaanza kuvibananisha viini chini ya paa moja: viwili, vinne, nane, hadi AMD mwaka 2019 wakatoa prosesa ya seva yenye viini 64 katika soketi moja. Wauza programu wakaona mapato yanapotelea humo. Microsoft walihamisha programu yao ya hifadhidata kwenye malipo ya kiini kuanzia toleo la 2012, na Windows ya seva kuanzia toleo la 2016. VMware wenyewe mwaka 2020 walisema leseni moja itatosha prosesa isiyozidi viini 32. Ikizidi, nunua nyingine. Kodi ya nyumba imegeuka kodi ya kichwa. Ilichukua miaka saba Wajerumani kugundua, na wauza programu hawakukawia sana kuliko wao.

Nyapara yuko katikati ya ugomvi huo. Ukimwambia mpe mgeni prosesa nane, ana hiari ya kuzipanga: nyumba nane kila moja na mtu mmoja, au nyumba moja yenye watu wanane. Kwa kazi ya kukokotoa zote ni nane. Kwa Windows inayohesabu mapaa ni mbingu na ardhi. Manyapara wengi wa zamani walichagua nyumba nane kama desturi. VMware waliweka njia ya kubadili mpango huo mwaka 2010. QEMU, programu huria inayotumika sana duniani, iliendelea kupendelea soketi kuliko viini mpaka toleo la 6.2 lililotoka Desemba 2021, ndipo ikageuza.

Mambo haya yanaonekana ni ya wenye miwani, lakini hapa Ilagala yalikaribia kuvunja kikundi. Nilikuwepo kama mwandishi wa kumbukumbu za kikao, na majina nayaacha. Kikundi cha wakamuaji wa mawese walichangishana wakanunua seva iliyotumika, yenye soketi mbili za viini nane nane. Kijana mmoja, fundi, aliigawa kwa mashine pepe. Sehemu moja ikawa ya mafunzo ya vijana, sehemu nyingine ya hesabu za kikundi: madumu yaliyoingia, madumu yaliyopelekwa Kigoma mjini, nani anadai nani. Ya hesabu aliipa prosesa nane, akaiandika kwenye karatasi na watu wakatia saini. Wiki ya pili mhasibu akafungua mashine yake, akaangalia, akakuta mbili.

"Tumekubaliana nane. Hapa naona mbili. Sita zimekwenda wapi?"

Kikao kikawaka moto. Fundi ana rafiki mwenye steshenari, basi ikasemwa sita zimekodishwa huko. Mwenyekiti akataka arudishe michango. Mjomba wake fundi alikuwa amekaa pale pale, mtu mzima, anaangalia chini. Mzee mmoja akauliza swali la maana: "Mwanangu, huo mfuniko ukifunguliwa, hivyo viini haviwezi kuhesabiwa kwa vidole?" Fundi akajibu, "Hapana, mzee wangu. Ukifungua utaona soketi mbili tu. Viini vimo ndani, havionekani kwa macho." Mbili tena! Akawa kama amejishitaki mwenyewe.

Kilichotokea mmeshakijua. Nyapara alikuwa amejenga nyumba nane, na ile Windows ya ndani inaruhusiwa kuingia nyumba mbili tu. Sita zilikuwepo, zimewashwa, na hakuna aliyezigusa. Fundi aliizima mashine pepe, akabadili mstari mmoja, soketi moja yenye viini nane, akaiwasha. Nane zikaonekana. Wengine wakapiga makofi.

Mhasibu hakupiga. Alisema maneno ambayo niliyaandika kama yalivyo, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya: "Kama namba inabadilika kwa kuandika tu, basi na hii ya pili nitaiaminije?"

Alikuwa na haki. Nyapara angeweza kuandika 16, hata 32, na Windows ingesoma hivyo hivyo. Fundi hakubishana naye. Alimwomba aichukue kazi yake nzito ya mwisho wa mwezi, ile aliyokuwa akiiwasha na kwenda kula, aiendeshe tena mbele ya watu. Iliisha kabla chai haijapoa. Hapo mhasibu akakubali, kwa kuona kazi na siyo kwa kuona namba. Fundi alirudishiwa funguo zake, ila ilichukua wiki kadhaa kabla hajakanyaga tena pale. Mtu akishaitwa mwizi mbele ya mjomba wake, kusafishwa na takwimu hakumalizi.

Namba inaweza kukosewa kwa upande wa pili pia, yaani kuzidi. Kuna mgawanyo mwepesi zaidi uitwao kontena, ambamo programu zinakaa chini ya mfumo endeshi mmoja. Kwa miaka kadhaa programu za Java zilizowekwa humo zilikuwa zikiuliza viini vingapi, zikajibiwa idadi ya mashine nzima, wakati zilipewa haki ya kutumia sehemu ndogo tu. Zikaajiri vibarua wengi kupita jembe zilizopo, wakawa wanasukumana tu. Jambo hilo lilirekebishwa 2018, katika toleo la 10 la Java, na matoleo ya nyuma yakaongezewa.

Na wanaokodisha kompyuta kwa njia ya mtandao, biashara ambayo Amazon waliianzisha kwa nguvu mwaka 2006, wanauza kwa kipimo cha "prosesa pepe". Katika mashine zao nyingi za Intel prosesa pepe moja ni uzi mmoja, siyo kiini kizima. Imeandikwa wazi kwenye maelezo yao, kwa hiyo si wizi. Lakini kijana wa Ujiji anayelipia nne akidhani ana wapishi wanne, ajue ana wapishi wawili na sufuria nne.

Hata chuma chenyewe, pasipo nyapara yeyote, hakikuepuka kesi. Mwaka 2015 AMD walishitakiwa Marekani kwamba prosesa walizoziuza kuwa na viini nane hazikustahili kuitwa hivyo, kwa kuwa viini viwili viwili vilishirikiana sehemu za ndani. Mwaka 2019 walikubali kulipa dola milioni 12.1 kuimaliza. Kiini ni nini hasa? Mahakama haikutoa tafsiri, na fedha ndiyo iliyofunga mjadala.

Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni kutafuta mashine isiyodanganya. Nyapara hakudanganya kwa maana tuijuayo. Aliulizwa na mtu anayehesabu mapaa, akamwonyesha mapaa. Dawa ni kumjua anayehesabu, na kile ambacho kwake kinaitwa kimoja, kabla hatujaitana wezi. Sensa ya 2022 ilikuja na vishikwambi, ikahesabu watu na ikahesabu majengo, kila kimoja kwa safu yake. Babu zetu waliohesabiwa paa kwa niaba ya kichwa wangeiona tofauti hiyo mara moja.

Kwa vijana wenzangu wanaoanza kukodi, kununua au kugawana mashine, nasema hivi: mkataba usiandike "nane" peke yake. Andikeni nane za nini, soketi, viini au nyuzi, na andikeni kazi gani itapimwa mbele ya wote siku ya makabidhiano, na kwa saa ya nani. Karatasi itakuwa ndefu kidogo. Wajomba wataweza kukaa kikaoni bila kuangalia chini.